Jina kutoonekana kwenye mfumo hakutoshi: namna ya kupekua alama ya biashara kabla ya kuisajili

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam hukagua jina kwa dakika moja. Wanaingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na alama zake, wanaandika jina kama lilivyo kwenye logo, mfumo hauleti kitu, na jioni hiyohiyo fedha ya vifungashio inatumwa kwa mchapaji wa Kariakoo. Baadaye Msajili anakataa ombi, au anajitokeza mtu na pingamizi, wakati stoo imeshajaa katoni za chupa zenye lebo. Mfumo haukudanganya. Uliulizwa swali dogo kuliko lile linaloulizwa na sheria.

Upande wa Tanzania Bara, usajili wa alama unaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Inachokataza ni zaidi ya jina kufanana herufi kwa herufi. Kinachotazamwa ni kama alama yako, ikiwekwa kwenye bidhaa zilezile au zinazokaribiana, inaweza kumchanganya mnunuzi akadhani zote zimetoka sehemu moja. Mnunuzi huyo hajasimama na alama mbili mkononi akizilinganisha. Yuko kwenye foleni ya duka, jina amelisikia kwa jirani au kwenye tangazo la redio, na kichwani amebaki na kumbukumbu ya nusunusu. Upekuzi wa maana ni ule unaomfikiria yeye.

Kabla ya kufungua mfumo wowote, chukua karatasi uandike vitu vitatu: alama yenyewe, kila bidhaa au huduma utakayoiuza kwa jina hilo katika miaka michache ijayo, na maeneo utakakouza. Vitatu hivi ndivyo vinavyoamua utafute nini na wapi.

Je, alama yenyewe inasajilika?

Hatua hii haihitaji intaneti, na huokoa muda kuliko zote. Alama lazima iwe na upekee. "Unga Bora" kwa unga, "Asali Safi" kwa asali na "Maji Baridi" kwa maji ni maneno ambayo kila muuzaji ana haki ya kuyatumia, kwa hiyo hakuna atakayepewa peke yake. Ukiyaweka ndani ya logo nzuri, Msajili anaweza kukubali mchoro na kukutaka ukane haki juu ya maneno. Hapo utakuwa na cheti kinacholinda umbo la herufi na rangi, huku jirani yako akiendelea kuandika "Asali Safi" kwa mwandiko mwingine.

Majina ya mahali nayo ni dhaifu. Watu huona dukani bia ya Kilimanjaro na maji ya Kilimanjaro, za kampuni mbili tofauti, wakahitimisha kwamba majina ya mahali ni huru kwa yeyote. Usijenge biashara juu ya hitimisho hilo. Majina ya namna hiyo yana historia yake sokoni, na kwa mgeni anayeanza leo huleta mabishano pande mbili: kwamba hayana upekee, na kwamba waliotangulia wameshayafanya yao.

Bendera ya Taifa, Ngao ya Taifa, nembo ya Msalaba Mwekundu na alama za mashirika ya kimataifa kama Umoja wa Mataifa zina ulinzi wake wa pekee, ziache kabisa. Hata zikichorwa kwa mtindo wa kisanii bado ni zilezile.

Madaraja: hapa ndipo upekuzi unapoharibika

Bidhaa na huduma hupangwa kwa Uainishaji wa Nice, mpangilio wa kimataifa wenye madaraja 45. Daraja la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Bara, ombi moja hubeba daraja moja, kwa hiyo ukitaka madaraja matatu ni maombi matatu na malipo mara tatu. Ndiyo maana mtu hujibana kwenye daraja moja. Kwenye kusajili hilo linaeleweka. Kwenye kupekua ni hatari.

Madaraja hayafuati mpangilio wa duka. Mafuta ya alizeti ya kupikia yako daraja la 29, ya kujipaka mwilini yako la 3, ya mashine na injini yako la 4, na dawa za kuchua zimo la 5. Kitenge cha jora ni daraja la 24, lakini kikishashonwa gauni kinahamia la 25. Maziwa na mtindi ni la 29, askrimu ni la 30. Siagi ya karanga iko la 29, asali iko la 30, karanga mbichi za shambani ziko la 31. Bia, maji na juisi zote ziko la 32, lakini mvinyo na konyagi ziko la 33. Mgahawa na hoteli ni la 43. Saluni ni la 44. Programu ya simu inayopakuliwa ni la 9, ila kumtengenezea mteja programu ni huduma ya daraja la 42.

Sheria inazungumzia bidhaa zinazokaribiana, na ukaribu huo hauishii kwenye ukuta wa daraja. Anayeuza juisi akipekua daraja la 32 peke yake amefanya nusu ya kazi. Atazame pia la 29, kwa sababu vinywaji vya maziwa huuzwa kwenye friji hiyohiyo, la 30, penye chai, kahawa na askrimu, la 33, la 35, kama mtu amesajili jina hilo kwa huduma ya duka la vinywaji, na la 43, maana mgahawa unaouza juisi chini ya jina lake ni mpinzani wa kweli. Kwa upande mwingine, bidhaa mbili zinaweza kukaa daraja moja na zisihusiane kabisa. Daraja la 9 lina kompyuta na vizima moto. Namba ya daraja ni ya kupangia mafaili. Swali linalobaki ni nani anaziuza, kwa nani, na kwenye rafu ipi.

Kutafuta kwa sauti

Tuchukue jina la kubuni, ZURILA, kwa juisi ya ukwaju. Mifumo mingi hutafuta herufi ulizoandika, haisikilizi matamshi, kwa hiyo kazi ya masikio ni yako. Kwa msemaji wa hapa kwetu, r na l hubadilishana kirahisi: ZULIRA, ZULILA, ZURIRA. Z hukaribia dh na s: DHURILA, SURILA. Wapenda Kizungu huandika oo badala ya u na kurudufisha konsonanti: ZOORILA, ZURILLA. Mwishoni hubandikwa h, au a hugeuka e au o: ZURILAH, ZURILE, ZURILO. Wengine hukata neno kwa kistari au nafasi: ZURI-LA, ZURI LA. Jina lako likiwa na k, jaribu c, ck na q. Likiwa na f, jaribu ph na v. Likiwa na i, jaribu y na ee. Likiwa na ks, jaribu x.

Huna haja ya kuandika kila umbo. Andika vipande vya herufi tatu au nne uache mfumo ulete orodha ndefu: "zuri", "zuli", "rila", "lila", "suri". Kisha isome orodha kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, na ikiwezekana mwenzako awe amegeuka asiione skrini. Jina likimgonga sikioni kama lako, liandike.

Mwanzo wa neno una uzito kuliko mwisho, kwa sababu ndipo msikilizaji anapolishika jina. Lakini mwanzo ukiwa ni neno la sifa ambalo kila mtu hulitumia, uzito huo unapungua. ZURILA inaanza na "zuri", na majina ya bidhaa yanayoanza hivyo hayashangazi. Kwa hiyo ZURIPO isingenitisha sana. MURILA ingenitisha zaidi, na ZULIRA ingenifanya nisimame.

Ukilinganisha, ondoa kwanza maneno ya kawaida. "Zurila Fresh Juice" na "Juisi Bora ya Zulira" zina maneno mengi yasiyofanana, lakini ukifuta yale ambayo kila mtengeneza juisi huyatumia, yanabaki mawili tu, na hayo mawili yanagongana. Kwa sababu hiyohiyo, kuongeza "Tz", "Original", "Plus" au "Dar" mwishoni mwa jina la mwenzako hakukuokoi.

Maana nayo inahesabika. "Simba Mwekundu" na "Red Lion" hazifanani sauti wala maandishi, lakini kwa mnunuzi anayejua lugha zote mbili ni kitu kimoja. Pekua jina lako kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kama soko lako lina Waarabu au Wahindi, kwa lugha zao pia.

Kipimo kinachotumika sana katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza kinatokana na shauri la mwaka 1906 kuhusu jina PIANOTIST, lililopingwa na wenye PIANOLA. Jaji Parker alielekeza kuangalia maneno yenyewe kwa macho na kwa sauti, bidhaa zinazohusika, aina ya mteja, na mazingira yote ya matumizi, kisha akaruhusu PIANOTIST isajiliwe. Bidhaa zilikuwa za bei kubwa, na mnunuzi wake hanunui kwa haraka. Juisi ya shilingi 1,000 kituo cha daladala ni habari nyingine kabisa. Huko mtu hasomi lebo mara mbili, kwa hiyo umbali kati ya majina unatakiwa uwe mkubwa zaidi.

Sehemu za kupekua

Anza BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa Mfumo wa Usajili kwa Njia ya Mtandao, maarufu kama ORS. Kufungua akaunti utahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Fahamu kwamba BRELA ina rejista zaidi ya moja: makampuni, majina ya biashara, na alama za biashara na huduma. Kusajili jina la biashara au kampuni hakukupi haki ya alama. Mtu anaweza kuwa na cheti cha kampuni halali, kilichotolewa na BRELA hiyohiyo, na bado akawa anaingilia alama ya mwingine. Vilevile kinyume chake: sheria inakataza kusajili alama inayoiga jina la biashara au kampuni ya mwingine linalofahamika sana nchini. Pekua rejista zote tatu.

Mbali na kujitafutia mwenyewe, unaweza kumwomba Msajili upekuzi rasmi kwa malipo. Ninaupendekeza kwa jina ambalo umeamua kulitumia, baada ya wewe mwenyewe kuchuja. Kuomba upekuzi rasmi wa majina matano ambayo hujayasoma kwa sauti ni kupoteza fedha.

Zanzibar ni mamlaka tofauti. Alama iliyosajiliwa Bara haina nguvu Unguja na Pemba, na ya huko haina nguvu Bara. Huko usajili uko chini ya BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa sheria yake ya mwaka 2008. Bidhaa ya Dar inayovuka na boti kwenda soko la Darajani, Unguja, inahitaji upekuzi wa pande zote mbili, na hili husahaulika mno kwa sababu watu hufikiri nchi ni moja basi na rejista ni moja.

Kisha tazama ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu barani Afrika, lenye makao makuu Harare. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Banjul, inayomruhusu mwombaji kutaja nchi kadhaa katika ombi moja. Nguvu ya usajili huo ndani ya Bara imekuwa ikibishaniwa, kwa sababu itifaki haikuingizwa ipasavyo katika sheria ya nchi. Hata hivyo mwenye usajili wa ARIPO ni mtu mwenye wakili na nia ya kuja sokoni. Ni bora umjue mapema.

Kwa logo, tumia Global Brand Database, hifadhi ya alama ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ambayo ni bure na inakuruhusu kupandisha picha ikakutafutia zinazofanana. Inatumia pia Uainishaji wa Vienna, unaopanga michoro kwa namba: wanyama wote wako kundi la 3, na simba ana namba yake, 3.1.1. Usitegemee hifadhi hiyo pekee kwa alama za hapa nyumbani. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha alama za nje na zile zinazofahamika kimataifa. Logo iliyotolewa kwenye violezo vya bure vya mtandaoni ina tatizo la ziada: jani au twiga yuleyule ameshapewa watu wengi, na aliyemchora anaweza kuwa na hakimiliki yake.

Mwisho, soko. Alama isiyosajiliwa haionekani kwenye rejista yoyote, lakini mwenye nayo akishajijengea jina anaweza kukupinga, au kukushtaki kwa kuuza kwa mgongo wa sifa yake. Tafuta Instagram, TikTok na maduka ya programu za simu, angalia kama anwani ya mtandao inayoishia .co.tz imeshachukuliwa, kisha ingia madukani. Kwa vyakula, pita Kariakoo na masoko ya jumla, maana bidhaa nyingi za mikoani hufika hapo kabla hazijafika mtandaoni.

Kusoma ulichokipata

Kila jina lililokugusa liwekee mstari wake kwenye jedwali: alama, namba ya ombi, daraja, orodha ya bidhaa, mmiliki, tarehe ya ombi na hali. Soma orodha ya bidhaa neno kwa neno. Wapo waliosajili daraja la 32 kwa bia tu, na wapo walioandika daraja zima.

Kwenye hali, usishangilie haraka ukiona muda umekwisha. Alama ya Bara huishi miaka 7 tangu tarehe ya ombi, kisha huhuishwa kila miaka 10. Iliyoombwa Machi 2019 inafikia mwisho Machi 2026, na mmiliki anaweza kuwa amechelewa tu au taarifa haijasahihishwa kwenye mfumo. Ulizia kwa Msajili. Alama iliyo hai lakini haijaonekana sokoni kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa kwa kutotumika, ila ushahidi wa kutotumika unatafutwa kwa kazi, na muda wako unakwenda.

Ombi ambalo bado halijasajiliwa nalo linakuzuia, kwa sababu aliyetangulia kuomba ana nafasi ya mbele. Na hapa kuna tundu ambalo hakuna upekuzi unaoliziba. Chini ya Mkataba wa Paris, mkataba wa kimataifa unaohusu alama za biashara pia, aliyeomba alama katika nchi mwanachama ana miezi 6 ya kuomba kwingine na kuhesabiwa tarehe yake ya kwanza. Tuseme kampuni ya Nairobi imeomba ZURILA kule Kenya tarehe 10 Januari. Wewe unapekua Dar tarehe 1 Machi, hakuna kitu. Unawasilisha tarehe 5 Machi. Tarehe 9 Julai kampuni ile inawasilisha hapa na kudai kipaumbele. Tarehe yake inasomeka 10 Januari, na wewe uko nyuma yake ingawa ulifika dirishani miezi minne kabla. Kwa sababu hiyo, kwa bidhaa zinazovuka mpaka, pekua na Kenya pia, kisha rudia upekuzi miezi 6 baada ya kuwasilisha.

Ukikuta mgongano wa kweli, una njia chache. Badilisha kichwa cha jina, yaani neno lenyewe, ukiacha mapambo. Kwa biashara ambayo haijaanza hii ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo ningeichagua. Au punguza orodha ya bidhaa, kama mgongano uko kwenye bidhaa ambayo kwa kweli hutaiuza. Au zungumza na mmiliki akupe barua ya ridhaa, mkiwa mmeandikiana nani anauza nini. Mkiafikiana kwa mdomo tu, siku akiuza biashara yake mnunuzi hatakutambua.

Upekuzi ukitoka safi, wasilisha ndani ya siku chache, kwa kuwa kila wiki maombi mapya yanaingia na matokeo yako yanachakaa. Baada ya Msajili kukubali, alama hutangazwa kwenye jarida na umma hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Anayetaka kuonyesha bidhaa Sabasaba mwezi wa 7 asianze kupekua mwezi wa 5. Na chapisho la kwanza la lebo liwe dogo, la kutosha mzigo wa wiki kadhaa, hadi siku hizo 60 zipite. Mchapaji atakuambia bei ya kila lebo ni juu kidogo kwa idadi ndogo. Ilipe tofauti hiyo.

Hifadhi jedwali lako pamoja na picha za skrini zenye tarehe. Pingamizi likija, wakili wako atakuuliza jambo la kwanza ulijua nini na lini, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba uliangalia, ulikuta nini, na kwa nini uliamini majina hayagongani.